Naomba nijieleze kuhusu boga, kanga na mama mkwe

Kwanza kabisa, sijaoa boga. Naanza na hilo kwa sababu yule rafiki yangu wa Oakland, ambaye siku ya tukio hakuwepo hata mji huu, ameshatuma sauti ya dakika sita kwenye kundi, na mpaka jana usiku kuna watu wa Dubai walikuwa wananiuliza mahari nimetoa shilingi ngapi. Acheni mfiwa mwenyewe asimulie msiba.

Mnaomfuatilia Bi Mkubwa tangu Aprili, alipokuwa mche kwenye kopo dirishani, mnamjua. Wageni, Bi Mkubwa ni boga. Aina yake ni Atlantic Giant, mbegu ya marehemu mzee Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada, na kazi yake hapa duniani ni moja tu, kunenepa. Mwaka 2023 mwalimu wa kilimo cha bustani kutoka Minnesota, Travis Gienger, alipeleka lake kwenye mashindano ya maboga ya Half Moon Bay, pwani ya California, likagonga kilo 1,247. Mimi huko sifiki. Nataka tu Oktoba nimpandishe wangu kwenye mizani ya mashindano ya hapa jirani, Elk Grove, asiwe wa mwisho.

Tatizo, wa Half Moon Bay wana ukungu wa bahari, sisi wa Sacramento, huku bara ya California, tuna jiko. Wiki ile ilikuwa nyuzi 43, siku nne mfululizo. Na siyo joto la Tanga la kukutoa jasho ukanywa dafu yakaisha. Hili linakukausha kama ng'onda. Boga langu la kwanza lilikufa hivyohivyo. Nililichavusha kwa mkono alfajiri, joto likaja, kitoto kikageuka njano, kikadondoka. Bi Mkubwa ni wa pili, wa mwishoni mwa Juni, na alikuwa anaongeza kilo kumi na kitu kila siku. Sasa ngozi ya boga la namna hiyo ikiungua na jua inakuwa ngumu, haitanuki tena, huku nyama ya ndani inazidi kusukuma. Linapasuka. Ufa ukitokeza ndani kwenye mbegu, hapo hakuna mashindano, kuna supu.

Neti ya kivuli nilikuwa nayo. Niliinunua Juni, ikamtosha Bi Mkubwa wa Juni. Kufika mwisho wa Julai ilikuwa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu: jua la mchana inalizuia, la jioni linaingia ubavuni. Dawa yake ni shuka jeupe lililoloweshwa maji. Mashuka meupe nilikuwa nimeshachukua matatu, mke wangu akafunga kabati na funguo akaenda nayo. Simlaumu. Moja lilikuwa la mgeni.

Mgeni mwenyewe ni mama mkwe, katoka Tanga kuja kukaa nasi miezi mitatu. Mama hana makuu. Wiki ya kwanza aliniomba majani machache ya boga ayapike kwa nazi, nikamwambia, kwa heshima zote, mama, haya hatuchumi, kila jani linamlisha boga. Akaniangalia. Akasema, "Haya, mkwe." Mliolelewa na wazazi wa pwani mnajua "haya" ile ina kurasa ngapi.

Siku ya tukio mama na mke wangu walikwenda madukani kufuata kiyoyozi. Saa kumi na moja jioni nikashuka bustanini, nikagusa ubavu wa magharibi wa Bi Mkubwa, moto kama sufuria. Nikakimbilia maji, mpira ukachomoka kwenye koki, nikalowa tope kuanzia kiunoni. Suruali nikaivua hapohapo nje, maana mama alikuwa amepiga deki asubuhi na mimi ni mtu wa adabu. Kumbukeni hilo la adabu.

Kwenye kamba palikuwa na doti ya kanga, nyekundu na nyeusi, mama kamletea bintiye. Ilikuwa imefuliwa kutoa wanga, haijakatwa bado. (Najua kitambaa kiwe cheupe. Wa kwanza kuniandikia hivyo hapo chini namblok.) Nikailowesha, kipande kimoja nikamfunika Bi Mkubwa. Kipande cha pili kikabaki kinalala chini, na mimi nimesimama na boksa. Mnaiona akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi? Kukata kanga ya mtu ni kesi. Kuingia ndani na tope ni kesi. Basi kile cha pili nikajifunga kiunoni. Doti moja, watu wawili. Nikawasha feni, nikaegemea boga upande wa kivuli, kitambaa kibichi mgongoni, upepo wa feni usoni... usingizi ulionichukua sijawahi kuupata tangu nihamie Marekani.

Nilichosikia kwanza ni sauti ya mama, ya furaha kabisa: "Na hili ndilo shamba la mkwe wangu, ngojeni niwaonyeshe."

Nikafumbua jicho moja. Jua la huku Julai linazama saa mbili na ushei usiku, kwa hiyo mwanga ulikuwepo, ule wa dhahabu, wa kupigia picha za harusi. Mama amesimama hatua tano kutoka nilipo, simu kainyoosha mbele. Kwenye kioo naona vichwa: mama mdogo na kanga yake kichwani ametoka kuswali, na nyuma yake mashemeji wawili wana miswaki mdomoni, maana Tanga ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo alfajiri.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nakwenda polepole kila nikifumba macho.

Macho ya mama yalianzia kwenye feni. Yakafuata waya. Yakafika kwenye kanga aliyoichagua mwenyewe Ngamiani, imetandazwa juu ya kitu kikubwa, cha mviringo, kinachochuruzika maji. Na jina la kanga, ambalo wallahi sikuwa nimelisoma, lilikuwa limekaa katikati ya tumbo la boga, limevutika, kila herufi imenenepa: NANI KAMA MAMA.

Mama ni mtu mwenye mwili. Siongezi neno.

Macho yakateremka na kitambaa, taratibu, yakavuka pindo, yakanikuta mimi kwenye upande wa pili wa doti. NANI KAMA MAMA tena, nyuma ya magoti yangu.

Pale ambapo mtu mwenye busara angejifanya amezimia, mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa.

"Shikamoo mama."

Nimelala chini hivyohivyo.

"Marahaba," akasema mama, akiutazama mti wa jirani.

"Marahaba," ikaitikia simu. Halafu mama mdogo: "Dada, na huyo aliyelala naye ni nani?"

"Siyo mtu, mama! Ni Bi Mkubwa!"

Kimya. Halafu Tanga nzima ikalipuka: "Bi mkubwa? Ina maana mwanetu ni bi mdogo?"

Nikasimama nikimbie. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu kanga ikakaza, na nyuma yangu kikonyo cha boga kikalia: krrr. Wenzangu wa maboga mnaijua sauti ile, moyo unahama. Kikonyo kikinyofoka, miezi minne imekwisha. Nikaganda. Mbele mlango, nyuma Bi Mkubwa, kati mimi nimeshika fundo kwa mikono miwili. Nikivuta, nimeua boga. Nikiachia, nimejiua mimi.

Na hapo ndipo upepo wa Delta ulipoamua kufika. Mji mzima hapa huwa unausubiri: unatoka baharini jioni, unapita juu ya delta ya mito, unatupoza. Siku nne haukuwa umevuma. Ukachagua dakika ile. Ukaingia chini ya kanga, kanga ikajaa kama tanga la jahazi, fundo likanichomoka mikononi, kitambaa chote kikaruka na kumwangukia Bi Mkubwa. Yeye akawa amejisitiri mara mbili. Mimi nikabaki na boksa yenye picha za ndizi.

Mama akakifunika kioo cha simu kwa kiganja. Wema ule sitausahau, ingawa alichelewa; shemeji mkubwa alishapiga picha, na ndiyo hiyo mnayotumiana.

Mengine mafupi. Nililala bila kula kwa hiari yangu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akanuna siku mbili kwa sababu ya kanga. Nimelipa doti mbili. Kikao kilikaliwa kwa simu, mjomba akanisomea ile ya ukipenda boga penda na ua lake. Msiniletee tena, nimeshatumiwa mara 14. Neti kubwa nimenunua. Kikonyo kizima, ufa hakuna.

Ila rangi ipo. Kanga mpya ukiilowesha na kuilaza juu ya boga usiku kucha inatema. Nilipoifunua asubuhi, ubavuni pana wekundu, na ndani yake herufi nyeusi: KAMA MAMA. Ile NANI haikushika. Nimepangusa kwa kitambaa laini, haitoki, na kusugua naogopa ngozi. Bi Mkubwa akinenepa, herufi nazo zinanenepa.

Mama hajalitaja jambo lile hata mara moja. Kila jioni anashuka bustanini na ungo wake, anachuma majani anayoyataka, mimi namshikia ungo. Na leo asubuhi nimemsikia akimwambia mama mdogo kwamba tiketi ameisogeza mpaka Oktoba, hawezi kuondoka boga lake halijapimwa.