Saisi hastahili hela ya soda, aingie kwenye ankara

Wapiga picha wa farasi hapa Dar es Salaam tunahesabika, kwa hiyo kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii hazunguki sana: anatujia na swali lake moja, anunue lenzi gani. Huwa namjibu kwa kifupi. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 itamtosha kwa muda mrefu, na farasi anayekwenda shoti asimpige kwa kasi iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hayo mtu anajifunza mwishoni mwa wiki moja. Swali ninalotamani aniulize ni saisi analipwa nini, maana hapo ndipo biashara hii inasimama au inaanguka, na hapo ndipo wengi wetu tunadhulumu bila kuona haya.

Saisi ndiye mtunza farasi. Ndiye anayemlisha, anayemwogesha, anayemfunga matandiko, anayejua kwamba huyu hapendi mwavuli na yule hapendi mbwa. Siku ya kazi anaamka kabla ya watu wote na anarudi nyumbani baada ya watu wote, kwa sababu farasi hawezi kuachwa na jasho na chumvi ya bahari mwilini. Sasa tazama malipo yanavyokwenda. Mwenye farasi ana chake, mpiga picha ana chake, mpambaji na dada wa vipodozi wana vyao, MC ndiyo usiseme. Saisi anasubiri pembeni ameshika hatamu mpaka mtu akumbuke kumbana noti kiganjani, "chukua ya soda, kaka." Na mtu asipokumbuka, basi.

Mimi nasema saisi awe na mstari wake kwenye ankara, ulioandikwa kiasi, ambao mteja anausoma kabla hajatoa kianzio.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ya farasi inayompendeza mtu, hata asiyejua chochote kuhusu farasi, karibu siku zote masikio yake yako mbele. Masikio yakilala nyuma, farasi anaonekana ana hasira au anaumwa, na hakuna programu ya kuhariri itakayoliondoa hilo usoni mwake. Masikio hayo siyasimamishi mimi. Kuna saisi ninayefanya naye kazi upande wa Kigamboni, mzee wa maneno machache, ambaye huja na kopo la plastiki lenye punje za mahindi. Analificha nyuma ya mgongo, anasimama nyuma ya bega langu la kulia, ananiachia nipange kila kitu. Nikiinua kidole, anatikisa mara moja. Farasi ananyanyua shingo, masikio yanasimama, tundu za pua zinapanuka, na hapo nina sekunde tatu au nne za kufyatua. Kopo likitikiswa mara ya pili, linageuka sikio moja tu. Mara ya tatu farasi ameshaelewa, anatazama zake baharini. Na kila tukimaliza, yule mzee anamimina zile punje kiganjani na kumlisha. Siku moja mteja alikuwa anamharakisha waondoke, akakataa katakata. "Nisipompa leo, kesho kopo hili halina kazi."

Hiyo ndiyo elimu ninayoiuza kwa jina langu. Je, nitasemaje ni ya soda?

Picha ya kuuzia farasi ndiyo inayoonyesha zaidi. Mnunuzi anataka kuona umbile: bega, mgongo, viungo vya miguu, kwato. Kamera inakaa usawa wa ubavu, mbali kiasi, kwa sababu lenzi pana ukimkaribia nayo inavimbisha kichwa na kuifupisha miguu ya nyuma. Ardhi iwe tambarare. Miguu yote minne ionekane, isifichane. Mguu wa nyuma wa upande wa pili ukitakiwa kusogea nusu hatua, mpiga picha hawezi kuusogeza. Saisi anagusa bega kwa kiganja, anaegemea kidogo, farasi anahamisha uzito, mguu unasogea. Mtu asiyeijua kazi hii akitazama anadhani hakuna lililofanyika.

Halafu kuna usalama. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu mzunguko mzima, ila kuna sehemu ndogo mbele kabisa ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia asizoziona. Mpiga picha wa harusi aliyezoea kuzunguka maharusi kwa uhuru huingia hasa kule nyuma, tena ameshika kioo cha kuakisi mwanga kinachong'aa na kupigwa na upepo. Kwenye mitaa ya Upanga na Kisutu, bwana harusi wa Kihindi anapokuja juu ya farasi na ngoma zake, au kwenye harusi nyingine ambako kuna matarumbeta na watoto wanaokimbia huku na huku, aliyesimama kati ya kwato na umati ni mtu mmoja tu. Huyo ndiye tunayempa hela ya soda.

Kila anayependa picha za farasi amewahi kusikia habari za Eadweard Muybridge, mpiga picha wa karne ya kumi na tisa. Juni 1878, huko Palo Alto, California, alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, kila moja na uzi wake uliokatiza njia. Farasi jike aliyeitwa Sallie Gardner alipopita akizikata zile nyuzi, kamera zikafyatuka moja baada ya nyingine, ikathibitika kwamba ipo nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani, na kwamba wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamezoea kuichora imetanuliwa mbele na nyuma. Mimi kinachonigusa ni maandishi yaliyo kwenye kadi ya picha zile. Jina la tajiri mwenye farasi, Leland Stanford, lipo. Na jina la aliyempanda, Domm, lipo pia. Mtu wa kazi aliandikwa pamoja na tajiri.

Miaka minne baadaye, 1882, kikachapishwa kitabu kuhusu mwendo wa farasi kwa ufadhili wa Stanford, kikitegemea kazi ile ya Muybridge, na jina la Muybridge halikuwekwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Alikwenda mahakamani, hakupata kitu. Wapiga picha tunaisimulia dhuluma hiyo kwa uchungu, na tuna haki ya kuona uchungu, sisi ambao picha zetu zinachukuliwa na kubandikwa kwenye mabango bila hata salamu. Lakini mtu anayelilia jina lake hawezi kulifuta la mwenzake aliyeshika hatamu pembeni ya picha hiyohiyo.

Narudi kwenye biashara, maana kuna watakaosema haya ni mambo ya huruma. Kwangu ni hesabu.

Farasi nchi hii hawajawahi kuwa wengi, na sababu haiko kwenye fedha peke yake. Mbung'o huwaletea ugonjwa wa nagana, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, ambao farasi asiyechanjwa akiupata mara nyingi haponi. Palipo na farasi wachache, na wanaowajua vizuri ni wachache. Kamera ikiharibika nashuka Kariakoo. Saisi hodari akichoka na dharau zetu na kwenda kuendesha bodaboda, sina duka la kumnunua mwingine.

Usubi huo una jambo jingine linaloingia moja kwa moja kwenye ratiba yangu: unatoka zaidi magharibi na alfajiri. Mteja anataka mwanga wa dhahabu wa jioni, na saisi anataka farasi awe bandani kabla giza halijashika. Wote wawili wana haki. Huku kwetu jua linazama karibu wima, mwanga mzuri haudumu, na mtu akisema "dakika kumi tu za mwisho" anakuwa anaomba dakika za gizani. Nimeamua kwamba kauli ya saisi ndiyo inayofunga kazi. Ameshasema inatosha, nafunga kamera, na hilo limeandikwa kwenye mkataba ili lisigeuke ubishi ufukweni.

Bahari nayo ina ratiba yake. Watu hupenda kuchagua siku ya mwezi mpevu kwa ajili ya picha za ufukweni, wakiamini itakuwa nzuri zaidi. Kwenye pwani yetu siku hizo ni za bamvua, yaani maji makubwa, na maji hujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo jua likielekea kuzama ufukwe bado ni mwembamba na kilichobaki ni mchanga mkavu wa juu, ule unaotitia. Farasi akipigishwa shoti kwenye mchanga huo kano za miguu zinaumia. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo hugeuka, maji yanapwa alasiri kuelekea jioni, na unapata ule mchanga wenye unyevu, mgumu kiasi, unaoakisi mwanga kama sahani ya shaba. Maji husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo tarehe ikihama siku mbili kila kitu kimehama. Haya nimefundishwa na masaisi na wavuvi. Leo nawauzia wateja kama ushauri wa kitaalamu, na wanalipa.

Na joto. Januari na Februari Dar es Salaam, unyevu ukiwa juu, jasho la farasi halikauki, na kukauka kwa jasho ndiko kunakompoza. Saa sita mchana sipigi picha za farasi, hata kwa tangazo la kampuni kubwa, hata kwa video ya Bongo Fleva ambayo msanii ana haraka ya ndege. Nilishaikosa kazi kwa sababu hiyo na sijutii.

Droni ni hivyohivyo. Kibali cha kuirusha unakifuata Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi, na ukifuate kweli. Lakini ukishakuwa na karatasi zote, saisi akisema farasi huyu hajazoea mlio ule, droni inabaki kwenye begi.

Hoja ninayoisikia zaidi inatoka kwa wenye farasi: huyu nampa mshahara. Ni kweli, mshahara wa banda. Kumleta farasi Masaki siku ya Jumapili, kusimama naye katikati ya fataki na matarumbeta, kumrudisha kwa lori kupitia Daraja la Nyerere usiku, kisha kumwogesha, hiyo ni kazi nyingine na imeingiza fedha nyingine. Dada wa vipodozi aliyeajiriwa saluni hatumwambii kwamba mshahara wa saluni unatosha.

Ila lazima nitahadharishe hapa, kwa sababu nimeona nia njema ikimletea mtu balaa. Usimlipe saisi kwa siri. Mwenye farasi akijua baadaye, atadhani kijana wake anafanya biashara ya mlango wa nyuma, na atakayefukuzwa si wewe. Mimi namtumia mwenye farasi ankara ileile ninayomtumia mteja, mstari wa saisi ukiwa wazi. Wachache wamenuna. Mmoja alinipigia simu kuniambia nawaharibu vijana wake. Wengi wamekubali, na wawili watatu wamesema afadhali, maana walikuwa hawajui waanzie wapi.

Kiwango changu ni asilimia 10 ya gharama ya picha au video, na hakishuki chini ya shilingi 50,000 hata kazi iwe ndogo kiasi gani. Fedha inakwenda kwenye simu ya saisi mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla sijaanza kuchagua picha. Nasisitiza kabla, kwa sababu malipo ya "nikishalipwa salio" tunayajua yanavyoishia. Wakiwa masaisi wawili wanagawana, na wao ndio wanaoamua mgawo. Jina lake linawekwa chini ya picha pamoja na la farasi, akiridhia. Wapo wasiotaka, na hilo nalo liheshimiwe.

Mteja akishtuka kuona mstari huo, simpunguzii na wala sibishani. Namweleza kopo la mahindi, namweleza maji mafu, namweleza fataki. Mara nyingi hapo anauliza jina la saisi ili amsalimie siku hiyo. Akikataa kabisa, akataka mstari ufutwe na fedha irudi mfukoni mwake, nampa namba za wapiga picha wengine. Nanyi mnaonipigia simu kuuliza lenzi, mkishainunua hiyo lenzi, tafadhali wekeni mstari huu kwenye ankara zenu pia, kiasi kilekile au kinachozidi, ili mteja akitoka kwangu akija kwenu aukute.