Pikapu ya kuvuta trela ya kulala: anza na kibandiko cha mlangoni

Familia inayotafuta pikapu iliyotumika kwa ajili ya trela yao ya kwanza ya kulala huuliza jambo lilelile: "Inavuta kilo ngapi?" Muuzaji hujibu upesi, maana jibu ni tamu. Tani nne! Kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalowaponza watu wengi, kwa sababu pikapu nyingi huishiwa uwezo wa kubeba zikiwa bado na uwezo wa kuvuta.

Trela haivutwi tu, inaliegemea gari pia. Kwa trela ya kawaida ya kulala, uzito unaokaa juu ya kiungio, yaani pale trela inapofungwa kwenye gari, huwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote, nao ni mzigo wa pikapu. Usijaribu kuupunguza kwa kusukuma vitu nyuma ya trela, kwani hapo ndipo inapoanza kuyumba barabarani na kulivuta gari huku na huku.

Basi fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango, pikapu nyingi huwa na kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Tuseme kinasema kilo 640. Trela ikishajazwa vitu ina kilo 2,700, na asilimia 12 yake ni kilo 324. Kiungio chenye vyuma vya kusawazisha uzito, kilo 40. Baba, mama na watoto wawili, kilo 260. Jumla ni 624. Zimebaki kilo 16 za baiskeli, kuni, jenereta na mbwa! Na hiyo ndiyo pikapu iliyotangazwa kuwa inavuta tani nne.

Soma kibandiko cha gari lenyewe unalolinunua, si cha jingine la aina hiyo. Lenye viti vya ngozi, dirisha la paa na vikorombwezo vingine mara nyingi hubeba kidogo kuliko lile la kawaida. Bampa la chuma au kifuniko cha nyuma alichoongeza mwenye gari wa kwanza hakimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo uzito wake uutoe mwenyewe kwenye kilo za kibandiko. Trela nayo usiipime kwa uzito mtupu wa kwenye tangazo: lita 150 za maji pekee ni kilo 150. Mizani ndiyo itakayosema kweli.

Namba za kuvuta za magari ya zamani zisilinganishwe ovyo. Kabla ya SAE J2807, kipimo cha pamoja cha uwezo wa kuvuta kilichowekwa na chama cha wahandisi wa magari, kila kiwanda kilijipimia kivyake. Toyota ndio waliotangulia kukifuata, kwa Tundra ya 2011, na wengine wakachukua miaka kadhaa. Uliza pia uwiano wa difu, yaani shafti inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Pikapu mbili zenye injini moja, moja ya uwiano wa 3.21 na nyingine wa 3.92, zinaweza kupishana zaidi ya tani moja.

Kwenye ukaguzi, mimi ningetumia muda mwingi kwenye giaboksi, maana joto la kuvuta ndilo linaloiua. Kama ina kijiti cha kupimia, kichomoe: mafuta yaliyogeuka meusi na kunuka kuungua yanatosha kukuondoa hapo. Kisha ingia chini utazame kutu pale kiungio kinapofungwa kwenye chesisi. Gari lililowahi kuvuta trela si la kukimbiwa. Lenye kumbukumbu za kubadilishwa mafuta ya giaboksi na kipoza mafuta hayo nalipenda kuliko lisilo na historia yoyote. Soketi ya pini saba na kidhibiti cha breki za trela vinaweza kufungwa baadaye, lakini kabla ya safari ya kwanza.

Ndiyo maana nasisitiza trela ichaguliwe kwanza, ipigiwe hesabu ikiwa imejaa, ndipo pikapu itafutwe. Na kama mmeshaipenda pikapu isiyotosha, punguzeni trela. Springi na mifuko ya hewa vitainua mkia wa gari, ila kilo za kwenye kibandiko zitabaki zilezile.