Roboti ikikutazama machoni, pima ubongo kabla ya kuuliza maoni

Roboti mpya ikizinduliwa, watu huuliza inafanya nini: inabeba kilo ngapi, inatembea kwa kasi gani, inajibu maswali gani. Mimi naona swali lenye faida zaidi kwa sayansi linamhusu binadamu aliyeketi mbele yake. Kichwani mwake kunatokea nini katika nusu sekunde ya kwanza, kabla hajapata hata muda wa kutunga maoni? Hapo ndipo ilipo kazi ya Agnieszka Wykowska, mtafiti wa ubongo na utambuzi katika Taasisi ya Teknolojia ya Italia (IIT) mjini Genoa, na hapo ndipo ninapopata hoja yangu: roboti yenye sura ya mtu ina thamani kubwa kama kifaa cha kupimia, hata kabla haijaweza kumsaidia mtu kazi yoyote.

Tatizo analolishughulikia ni la zamani. Kwa miongo mingi, wanaochunguza jinsi ubongo unavyosoma macho ya mwenzako wamekuwa wakimketisha mtu mbele ya skrini, wanamwonyesha picha ya uso, naye anabonyeza kitufe. Vipimo hutoka safi, ila picha haikutazami na haijali unachofanya. Ukiweka mtu halisi badala ya picha, unapata hali ya kweli lakini unapoteza udhibiti. Hakuna binadamu anayeweza kugeuza macho kwa pembe ileile mara mia nne bila kuchoka, kupepesa au kutabasamu kidogo pale mshiriki anapokosea. iCub, roboti iliyozaliwa katika mradi wa RobotCub ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, inakaa katikati. Ina kimo cha sentimita 104, viungo 53 vinavyojongea, na macho ya kamera yanayogeuka kushoto, kulia, juu, chini na hata kukutana kwenye kitu kilicho karibu. Iko mbele yako ikiwa na mwili, lakini hurudia tendo lilelile kila inapoamriwa.

Jaribio la msingi ni hili. Uso ulio mbele yako unageuza macho kushoto. Muda mfupi baadaye herufi inatokea, ama kushoto ama kulia, nawe unabonyeza kitufe kuitaja. Watu hujibu haraka zaidi herufi ikitokea upande ule macho yalikoelekea, ingawa wameambiwa wazi kwamba macho hayo hayatabiri chochote. Tofauti ni ndogo, kwa kawaida milisekunde kumi hivi au makumi machache, na hakuna mshiriki anayeweza kuihisi.

Mwaka 2014 Wykowska na wenzake walichapisha jaribio ninaloliona kuwa nguzo ya hoja nzima. Picha za roboti zilikuwa zilezile na macho yaligeuka vilevile. Kilichobadilika ni maelezo: kipindi kimoja mshiriki aliambiwa kwamba mwendo wa macho unaendeshwa na binadamu, kipindi kingine kwamba umepangwa na programu tu. Alipoamini kuna binadamu nyuma yake, wimbi la umeme wa ubongo liitwalo P1, ambalo hutokea nyuma ya kichwa takriban milisekunde 100 baada ya kitu kuonekana, lilikua zaidi kwa herufi zilizotokea upande uliotazamwa. Wakati huo mtu hajaanza kufikiri kama anaipenda roboti au haipendi, na imani yake imekwisha kugusa kazi ya ubongo wa kuona. Dodoso la alama 1 hadi 5 linalojazwa mwishoni mwa kikao haliwezi kukupa habari hiyo.

Sisemi dodoso litupwe. Kundi hilohilo lilitengeneza jaribio la InStance: visa 34 vya picha tatu tatu, iCub ikifanya jambo la kawaida, na mshiriki anasogeza alama kati ya maelezo mawili. Moja linaeleza tendo kama kazi ya mashine, lingine kana kwamba roboti ina nia na matakwa. Wastani ulielemea kidogo upande wa mashine, lakini wapo walioegemea upande wa nia bila kusukumwa na mtu. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba mawimbi ya ubongo ya mtu aliyetulia tu, kabla hajaona kisa hata kimoja, yanasaidia kutabiri ataegemea upande gani. Dodoso likifungwa pamoja na kipimo cha ubongo namna hiyo, linaanza kusema kitu.

Mwaka uliofuata ukaja mchezo wa magari mawili yanayokimbiliana: mshiriki na iCub kila mmoja anachagua kukata kona au kwenda moja kwa moja, na wote wawili wakikaza wanagongana. Kabla ya uamuzi, roboti humtazama mshiriki machoni au hutazama kando. Ilipomtazama machoni, mshiriki alichelewa kuamua, na mawimbi ya alfa katika ubongo wake yakaonyesha kwamba alikuwa akifanya kazi ya kuzuia kile kinachomvuruga. Macho ya plastiki na kamera yalimgharimu muda wa kufikiri.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono maabara, kwa sababu utafiti wa namna hii huharibikia kwenye nyaya na saa mara nyingi kuliko kwenye nadharia.

P1 ni mikrovolti chache, wakati mkondo wa kawaida wa EEG, yaani rekodi ya umeme wa ubongo inayochukuliwa kwa elektrodi zilizowekwa kichwani, unapanda na kushuka kwa makumi ya mikrovolti. Unaipata kwa kurudia na kuchukua wastani. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio: marudio 25 yanaipunguza mara 5, marudio 100 mara 10. Kwa hiyo panga marudio 80 hadi 100 kwa kila hali, ukijua baadhi yatatupwa. Rekodi kwa sampuli 500 kwa sekunde, chuja kati ya Hertz 0.1 na 30, na tumia milisekunde 200 kabla ya tukio kama usawa wa kuanzia.

Adui mkubwa ni muda unaoyumba. Skrini ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7, na programu inaposema "herufi imetoka" huenda haijatoka. Bandika sensa ya mwanga kwenye kona ya skrini, chora kimraba cheupe pale pamoja na herufi, na waya wa sensa uingie moja kwa moja kwenye amplifaya ya EEG. Roboti ni ngumu zaidi. Amri hupita kwenye YARP, programu inayounganisha kompyuta na sehemu za roboti, ikaingia mtandaoni, ikafika kwenye bodi ya mota, ndipo shingo igeuke. Mchelewo ulio uleule kila mara hauna shida, unautoa tu. Mchelewo unaoyumba kwa milisekunde 40 ni msiba: wimbi la upana huohuo linaangukia mara kwenye kilele, mara kwenye bonde, na wastani unatoka bapa. Mtafiti anaandika kwamba macho ya roboti hayana athari, kumbe saa zake ndizo zilizoificha. Dawa ni kusoma pembe ya kiungo kutoka kwenye roboti yenyewe, au kubandika sensa ya mwendo kichwani pake, na kuweka alama kwenye rekodi pale kichwa kinapoanza kusogea kwa kweli. Wakati wa kutuma amri usiutumie kama alama.

Kisha kuna sauti. Mota zinanguruma, na sikio nalo lina wimbi lake takriban milisekunde 100 baada ya mlio. Shingo ikilia tofauti kidogo inapogeuka kushoto kuliko kulia, mshiriki anaweza kujua upande bila kutazama macho kabisa. Mvishe vipokea sauti vyenye mvumo wa kudumu, na fanya kikao kimoja roboti ikiwa imefunikwa kitambaa: athari ikibaki, ulikuwa unapima masikio. Macho ya mshiriki nayo yanavuruga. Jicho ni kama betri ndogo, na likigeuka huleta mikrovolti mia au zaidi kwenye elektrodi za mbele. Mwombe akaze macho sehemu moja, weka elektrodi pembeni mwa macho, na tupa kila kipande kinachovuka mikrovolti 100.

Jambo linaloniuma zaidi ni nywele. Kofia ya EEG imebuniwa kwa nywele laini zinazosukumwa kando kwa ncha ya sindano butu ya jeli. Nywele za kipilipili huinua kofia, jeli inabaki juu, ukinzani unakataa kushuka chini ya kiloomu 10, na mshiriki anaambiwa kwa upole aende nyumbani. Ndiyo maana matokeo mengi kuhusu "binadamu" na roboti hayamhusu Mwafrika, wala wanaotusomea matokeo hayo hawatuambii. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha njia: nywele zisukwe mistari ili njia za kichwa zipite juu ya sehemu za elektrodi, na elektrodi zishikwe na vibanio vinavyojiegemeza kwenye misuko yenyewe.

Msusi yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuifanya kazi hiyo akipewa vipimo. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni. Ikiwa ni sentimita 36, Cz, sehemu ya elektrodi ya utosini, iko sentimita 18; Fz, ya mbele, iko 7.2 mbele yake; na Oz, ya kisogoni, iko 3.6 juu ya kinundu. Weka alama kwa penseli ya nyusi, kisha suka mistari ya kwenda nyuma, twende kilioni ya kawaida kabisa, njia ya katikati ikipita juu ya Fz, Cz na Oz, na nyingine zikipita sambamba pande zote mbili. Nywele zioshwe jana yake, zisitiwe mafuta wala jeli ya kulaza nywele, na ngozi ifutwe kwa spiriti kabla ya kuweka elektrodi. Rasta za kuunganisha zenye uzito ni bora ziondolewe, na mshiriki aelezwe hayo siku anapoalikwa, asiyakute maabara. Alipwe pia gharama ya kusuka. Maabara yoyote ya Nairobi au Dodoma itakayoanza kazi hii isiruhusu bajeti ipite bila mstari wa msusi.

Udhaifu upo. iCub ina sura ya mtoto, na huenda macho ya mtoto hayagusi watu kama ya mtu mzima. Washiriki wengi wa tafiti hizi ni wakazi wa Ulaya. Bei ya roboti yenyewe hutajwa kuwa takriban Euro 250,000, fedha ambazo idara nyingi hazina. Lakini kwa swali la macho peke yake huhitaji viungo 53. Mipira miwili yenye mboni, mota ndogo mbili, bodi ndogo ya kuendeshea mota iitwayo Arduino na sensa ya mwendo vinatosha kurudia jaribio la kuvutwa na macho, mradi muda upimwe kama nilivyoeleza. Ningependa kuona matokeo ya watu wa Kisumu na Tanga, ambako mtoto hufundishwa kutomkazia macho mkubwa. Je, macho ya roboti yatawachelewesha zaidi au kidogo? Sioni jinsi Genoa inavyoweza kulijibu swali hilo peke yake.

Na wanaounda roboti za hospitali wasisubiri. Wapo wanaoziambia zimtazame mtu muda wote kwa kuamini kwamba huo ndio ukarimu. Roboti inayomsaidia mfamasia kuhesabu vidonge ielekeze macho kwenye vidonge wakati mfamasia anaamua dozi, imtazame usoni anapomaliza, na tofauti ya muda wake wa kuamua ipimwe kwa milisekunde kabla mashine haijaruhusiwa kuingia wodini.