Shaba Ilianguka, Deni Likabaki

Jumamosi wadai walikuja Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, kuchukua friza ya jirani yangu. Saa tatu ya asubuhi, watoto wamesimama uani wanaangalia. Mama huyo anauza samaki na maji ya baridi. Ukibeba friza yake umebeba na pesa ya kukulipa. Nilimwambia hivyo kijana aliyekuwa akiifunga kamba. «Mama, mimi nimetumwa tu.»

Nimeshindwa kulala, maana haya niliyaona kwetu. Katikati ya 2008 tani ya shaba ilipita dola 8,000, na Lubumbashi nzima ilikopa. Kaka yangu alikuwa anachomelea vyuma kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kila duka la mtaa lilimfungulia daftari, na banki-lamberi, yaani mkopeshaji wa mtaani, ikampa dola 600 bila maswali. Kufika Desemba tani ilikuwa karibu dola 3,000. Tanuru zikazimwa, kaka akarudishwa nyumbani. Faida, yaani riba, ilikuwa nusu kwa mwezi, juu ya deni lote: 600 zikawa 900, zikawa 1,350, mwezi wa tatu 2,025. Marehemu mama alitoa karatasi za parseli, kiwanja chetu, kulipia deni. Alizitoa mwenyewe chini ya godoro, hakusema neno.

Mtaniuliza nani alimtuma kukopa. Haya, sehemu ya pesa ilikula harusi. Lakini bei ya shaba inapangwa London, si Katuba.

Kinachoniuma zaidi ni sheria. Kongo tuliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, 2012, na sheria yake ya kufilisika ya 2015 inamfungulia mlango mfanyabiashara, fundi, hata mkulima anayejitegemea: anakwenda mahakamani, wadai wanasimamishwa, deni linapangwa upya. Kwa maandishi, hata mama wa friza anaweza kuingia. Nani alimwambia? Wakili angemlipa kwa samaki? Na kaka, mtu wa mshahara, hayumo kabisa. Marekani, baada ya mtikisiko uleule wa uchumi wa 2008, mwaka 2010 peke yake maombi ya kufilisika yalipita milioni 1.5, mengi ya watu wa kawaida. Hawakuonekana wezi.

Ninaomba kitu kidogo: mahakama ya amani ya mtaa iweze kusimamisha faida, kupanga malipo kwa kadiri ya kipato, na kukataza mtu kunyang'anywa chombo anachofanyia kazi.

Jana jirani alikuja kuniomba nimuwekee samaki kwenye friji yangu. Wameingia kumi na wawili tu.