Una trekta, Papa?

Ninaishi Bagira, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kule Kabare nina vipande viwili vya shamba, kimoja mlimani na kingine bondeni, ambavyo marehemu baba yangu alivipata kwa kutoa kalinzi, yaani ng'ombe aliyekwenda kwa mwami, mfalme wetu wa jadi, na hakurudi. Hata ukiviunganisha, mbuzi aliyefungwa kamba ndefu katikati atakula mahindi ya jirani. Hata hivyo, sidhani kama kuna ardhi iliyochunguzwa kuliko hiyo. Kila msimu hufika kijana mwenye tableti, hunisalimu kwa adabu, huketi juu ya kigoda cha mke wangu, kisha huniuliza: "Una trekta, Papa?" Kwenye mteremko ule, hata mbuzi niliyemtaja hufikiri kwanza kabla ya kupanda.

Sikatai utafiti. Migomba yangu iliponyauka, ndizi zikageuka manjano zingali changa na shina likikatwa likatoa ute kama usaha, watafiti ndio walionieleza kwamba ni bakteria, kwamba ugonjwa huo ulionekana nchini mwetu mwaka 2001 kule Masisi, na kwamba panga langu mwenyewe ndilo lililokuwa likiutembeza. Wakatuagiza tung'oe mgomba mgonjwa pamoja na ukoo wake wote, mizizi hata machipukizi. Nilichimba hadi mgongo ukagoma, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, niliyokuwa nikiuza nikaanza kuinunua. Miaka ikapita, wakaja wengine wakasema kwamba inatosha kukata chini kabisa ule mgomba mmoja unaoonyesha dalili, tena mara tu uonapo, kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, na kulipitisha panga motoni. Ninafanya hivyo mpaka leo na ndizi ninakula. Lakini mgongo wangu ulishiriki katika utafiti ule wa kwanza, na hakuna aliyeurudia kuupa matokeo.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina ya siasa ya kilimo, katika hoteli moja inayotazama ziwa. Huko nilijifunza kwamba mwaka 2003, mjini Maputo, marais wa Afrika waliahidi kukitengea kilimo asilimia 10 ya bajeti. Mwaka 2014 wakairudia ahadi hiyo mjini Malabo. Na mwaka 2025 mjini Kampala wakakubaliana mpango mwingine wa miaka 10. Ahadi hiyo imetembea kuliko mimi, ambaye sijavuka Kavumu, hapo karibu tu. Tukaambiwa pia kwamba nchi yetu ina sheria ya kilimo tangu Desemba 2011. Niliinua mkono nikauliza kama sheria hiyo inafahamika kwenye vizuizi vya barabarani, ambako mke wangu hulipia kabichi zilezile mara tatu kabla hazijafika soko la Kadutu. Bwana aliyeongoza mjadala alisema swali langu ni zuri sana, kisha akatangaza mapumziko.

Wakati wa mapumziko tulikula kuku. Siku ya pili tulikula nyama ya ng'ombe, pamoja na wali wa mchele uliotoka ng'ambo ya bahari, na hapakuwa na sombe, yaani majani ya muhogo, wala muhogo wenyewe, ingawa mada ya asubuhi ilikuwa kuthamini mazao ya wenyeji.

Siku tatu baadaye kijana wa tableti akafika. Akaniuliza: "Katika siku saba zilizopita, Papa, umekula nyama mara ngapi?" Nilitaka kunyamaza, lakini mke wangu, ambaye hasemi uongo hata mbele ya watoza kodi, akajibu kutoka jikoni kwamba nimekula mara mbili, na kwamba yeye na watoto hawakula hata mara moja. Kijana akamweleza kwa upole kwamba swali lile lilikuwa la mkuu wa kaya. Akaandika mbili. Akatazama namba za msimu uliopita, ambapo kulikuwa na sifuri, akanipongeza kwa kunishika mkono, kisha akapekua hadi ukurasa uliofuata.

"Na trekta, Papa?"