Maili za mkataba: gari la Uingereza na gari la nyumbani

Mtu anayenunua gari Dar es Salaam huuliza kilomita ambazo gari limekwisha kutembea, kisha humwita fundi athibitishe kwamba mita haikurudishwa nyuma. Akisharidhika na kulipa, kilomita zinakuwa jambo lake mwenyewe: aende Mbeya kila mwezi au aliegeshe uani mwaka mzima, hakuna anayemdai maelezo. Hapa Uingereza, anayechukua gari kwa mkopo huulizwa umbali ambao bado hajautembea, tena kwa maili, na jibu lake huandikwa kwenye mkataba kama sehemu ya bei. Wenzetu wengi hulijibu swali hilo harakaharaka kwa sababu nyumbani hatujawahi kuulizwa kitu kama hicho.

Mkataba ulioenea zaidi kwa magari mapya ya watu binafsi hujulikana kwa herufi PCP. Mchukuaji hutoa kianzio, hulipa kila mwezi kwa miaka miwili hadi minne, na mwishoni huwa na njia tatu: kulirudisha gari, kulipa kiasi kikubwa cha mwisho ili liwe lake, au kulitoa kama sehemu ya malipo ya gari jingine ikiwa bei yake sokoni imezidi kiasi hicho. Mkopeshaji hukadiria tangu siku ya kwanza thamani ambayo gari litakuwa nayo mkataba ukiisha, akaihakikisha kwa maandishi, na malipo ya kila mwezi huziba pengo lililopo kati ya bei ya leo na thamani hiyo. Riba, hata hivyo, hutozwa kwenye deni lote, ikiwemo ile sehemu kubwa ambayo hutaigusa hadi mwisho, na ndiyo maana malipo madogo ya kila mwezi si ushahidi kwamba gari ni la bei rahisi.

Ukilielewa hilo, kikomo cha maili hakionekani tena kuwa mtego. Gari lililotembea maili 24,000 na lililotembea maili 45,000 hayawezi kuuzwa bei moja, kwa hiyo anayehakikisha thamani ya mwisho lazima ajue gari litatumiwa kiasi gani. Hapo sina ugomvi na Waingereza. Ugomvi wangu uko kwenye namna swali lenyewe linavyoulizwa dukani, ambako mteja akisema malipo ya mwezi yamemzidi, muuzaji anaweza kuyashusha papo hapo kwa kupunguza maili, na mteja akaondoka akiamini amepewa punguzo ilhali ameuziwa matumizi machache zaidi.

Tuchukue mfano. Mkataba wa miaka mitatu wenye kikomo cha maili 8,000 kwa mwaka unakuruhusu maili 24,000 kwa jumla, na kwa kawaida hesabu hufanywa mwishoni kwa kipindi chote, kwa hiyo mwaka wa safari nyingi unaweza kufidiwa na mwaka wa kukaa nyumbani. Ukilirudisha gari likiwa na maili 31,000, na mkataba ukitaja peni 10 kwa kila maili ya ziada, unadaiwa pauni 700. Ikiwa mkataba unasema kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 itaongezwa juu yake, deni linafika pauni 840. Ukiamua kulinunua gari, maili za ziada hazitozwi, kwa kuwa umeamua kubeba mwenyewe upungufu wa thamani yake.

Maili 8,000 kwa mwaka ni kama maili 22 kwa siku, kiasi kinachomtosha mtu ambaye kazi, shule ya watoto na ndugu zake viko mji mmoja. Maisha yetu hayako hivyo. Kutoka London hadi Manchester na kurudi ni takriban maili 400, na familia inayofanya safari hiyo mara moja tu kwa mwezi kwa ajili ya misiba, harusi, kipaimara au maulidi hutumia maili 4,800 kwa mwaka kabla ya kwenda kazini hata siku moja. Ongeza zamu za usiku katika ghala lisilofikika kwa treni, au kazi ya kuhudumia wazee inayomtoa mtu nyumba hii hadi ile mchana kutwa, na utaona kwamba kikomo kinachouzwa kama cha kawaida kilipimwa kwa maisha ya mtu mwingine. Ni heri kutaja maili halisi na kulipa zaidi kidogo kila mwezi. Aliyekwisha kusaini naye aulize mapema kama mkopeshaji anakubali kubadili kikomo katikati ya mkataba, maana baadhi yao hukubali.

Kurudisha gari kuna uzito wake. Wakopeshaji wengi hufuata mwongozo wa BVRLA, chama cha kampuni za kukodisha magari, unaoeleza uchakavu gani ni wa kawaida na upi ni uharibifu. Kwa mfano, mkwaruzo usiozidi milimita 25 ambao haujafikia bati kwa kawaida huvumiliwa. Rimu iliyokwaruzwa ukingoni mwa barabara, ufunguo wa pili uliopotea na sevisi iliyorukwa ni mambo yanayoweza kuingia kwenye ankara. Hapa ndipo naona mizani imeegemea upande mmoja, kwa sababu mkaguzi huletwa na mkopeshaji, na madai yanaweza kukufikia wakati gari limekwisha kuondoka na huna tena cha kumwonyesha mtu. Lioshe gari kabla ya ukaguzi, lipige picha mchana pande zote pamoja na mita, na usisaini taarifa usiyokubaliana nayo bila kuandika pingamizi lako. Mkopeshaji asipokuridhisha ndani ya wiki nane, au akitoa jibu lake la mwisho usilolikubali, unaweza kulipeleka lalamiko bila malipo kwa Financial Ombudsman Service, ambao ndio msuluhishi wa migogoro ya huduma za fedha.

Kitu ninachokiona cha thamani zaidi katika mfumo huu, hata hivyo, ni haki ya kujitoa. Sheria ya mikopo ya watumiaji ya mwaka 1974, katika vifungu vya 99 na 100, inamruhusu mwenye PCP au mkataba wa kukodi-na-kununua kuuvunja mkataba na kulirudisha gari, na dhima yake kwa kawaida huishia kwenye nusu ya jumla yote inayopaswa kulipwa, mradi gari limetunzwa ipasavyo na malimbikizo yamelipwa. Asiyefika nusu hulipia pengo. Neno la kuangalia ni jumla, kwa kuwa linajumuisha kianzio, riba na lile fungu kubwa la mwisho. Kwa kianzio cha pauni 2,000, miezi 36 ya pauni 300 na malipo ya mwisho ya pauni 9,000, jumla ni pauni 21,800 na nusu yake ni 10,900, kiasi ambacho hufikiwa mwezi wa 30. Anayedhani nusu inatimia mwezi wa 18 atashangaa, ingawa mwezi huohuo wa 18 una faida nyingine: anakuwa amepita theluthi moja ya jumla, na tangu hapo mkopeshaji hawezi kulichukua gari bila amri ya mahakama, isipokuwa mwenyewe akubali.

Haki hii ina masharti ambayo wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Mkopeshaji akishauvunja mkataba mwenyewe kwa sababu ya malimbikizo, nafasi ya kutumia kifungu cha 99 huwa imepita. Kulikabidhi gari tu kwa hiari, bila kutaja kifungu hicho kwa maandishi, kunaweza kuhesabiwa kuwa umeshindwa kulipa na deni lote likabaki mgongoni mwako. Nayo mikataba ya kukodi tu, inayoitwa PCH, haimo katika haki hii, na kutoka humo mapema kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya kodi iliyobaki. Ndugu anayejua kwamba huenda akarudi nyumbani ndani ya miaka miwili aanzie hapo kabla ya kutazama rangi ya gari. Vilevile asipange kulipakia melini kwa kuwa tu usukani uko upande uleule tunaoutumia Tanzania: jina lililo kwenye hati ya usajili ya V5C ni la mtunzaji aliyesajiliwa, na gari linabaki mali ya mkopeshaji mpaka deni liishe.

Nyumbani mpango unaokaribiana na huu upo, ila tumezoea kuuona kwenye pikipiki. Dereva wa bodaboda huchukua chombo kwa mkataba, hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Katika jambo moja mkataba wetu ni bora: hakuna fungu kubwa linalomsubiri mwishoni, wala anayehesabu kilomita au kupima mikwaruzo, na dereva anajua tangu mwanzo kwamba anaelekea kumiliki. Lakini akiugua miezi miwili kabla ya mwisho, mara nyingi chombo huchukuliwa na yote aliyolipa huhesabiwa kuwa ya mwenye chombo, hata kama alikwisha kupita nusu zamani.

Ningependa kuona mikataba hiyo ikiazima kitu kutoka sheria ya Uingereza, ingawa sidhani kwamba kanuni yao ya nusu ya malipo inafaa kunakiliwa kama ilivyo. Mkopeshaji wa hapa ni taasisi yenye magari maelfu, ilhali mwenye bodaboda huweza kuwa mwalimu au mama lishe aliyechukua mkopo wa SACCOS ili anunue pikipiki moja tu, na hasara yote ingemwangukia yeye. Kinachowezekana, hata mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa bila kungoja Bunge, ni sharti moja la maandishi: dereva akishapita theluthi mbili ya malipo na akashindwa kuendelea, pikipiki iuzwe, mwenye chombo achukue kilichobaki kwenye deni lake, na kinachozidi kirudi kwa dereva.