Faili la Mteja Lifundishwe Tangu Mwaka wa Kwanza

Vyuo vya hapa Nairobi vinamfundisha mwanafunzi wa ushauri nasaha kusikiliza, na vinamfundisha vizuri. Kuandika kunaachiwa kituo atakakofanyia mazoezi, na kituo humkabidhi faili la aliyemtangulia ili aige. Matokeo nayaona ninapowasimamia: "Mteja alikuwa mchangamfu. Tumezungumza. Aendelee na vikao." Mshauri atakayelipokea faili hilo wiki ijayo hawezi kujua kama mtu huyu analala, anakula, au anawaza kufa.

Wengi huiona kazi hii kama ya ofisini, ya kumridhisha mkaguzi au bima. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya tiba yenyewe, na nadhani chuo kinachoiruka kinamtoa mshauri nusu.

Muundo si tatizo. Ule wa SOAP, uliotokana na kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed katika miaka ya 1960, una sehemu nne: anachosema mteja, alichokiona mshauri, tathmini, na mpango. Mwanafunzi anaukariri kwa asubuhi moja. Kinachomshinda ni kutenganisha alichokiona na alichokidhania. Anaandika "mteja ana hasira na mumewe", ilhali alichokiona ni mwanamke aliyenyamaza kila mume alipotajwa, akikunjakunja leso. Huenda ile ni hofu. Dhana ikishaandikwa kama jambo lililoonekana, kila atakayelisoma faili ataendelea kuitafuta hasira, na hofu haitaulizwa kamwe.

Mpango wa tiba nao hujazwa maneno makubwa. "Kupunguza sonona" si lengo ambalo mteja anaweza kulishika. Tuseme ni mama mboga wa Kangemi aliyeacha kwenda Marikiti alfajiri, sasa anamtuma kijana wake. Mwulize atajuaje kwamba amepata nafuu. Akikujibu kwamba ni siku atakayorudi kujichagulia sukuma wiki mwenyewe, basi lengo umeshapewa: aende Marikiti mara mbili kwa wiki kufikia kikao cha sita. Chini yake ziandikwe hatua za kila wiki, na tarehe ya kuupitia mpango upya. Dodoso la PHQ-9 la kupima ukali wa sonona, lenye maswali 9 na jumla ya alama 0 hadi 27, linasaidia kufuatilia mwendo. Lakini alama zikishuka kutoka 17 hadi 11 na mama bado hajakanyaga soko, nataka yote mawili yaandikwe, na mshauri aeleze anafikiri ni kwa nini.

Swali la tisa la dodoso hilo linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo ndipo kalamu nyingi husita. Zamani kusita huko kulikuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mshauri aliyemhurumia mteja wake aliona afadhali aandike "amepitia kipindi kigumu" na kuishia hapo. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mazoea ya kuandika kwa mafumbo hayana kisingizio tena, na wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi. Ziandikwe kauli za mteja kama alivyozitamka. Iandikwe kama ana mpango, kama kitu cha kujidhuru kiko karibu naye, anaishi na nani, nini kinamfanya aendelee kuishi, mmekubaliana nini, nani amepigiwa simu, na msimamizi ameambiwa saa ngapi. Mteja akija usiku na kumkuta mshauri wa zamu asiyemjua, kurasa hizo ndizo zitakazomwongoza mshauri huyo.

Kuandika wazi hakumaanishi kuandika kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na inampa mteja haki ya kuona kilichoandikwa juu yake. Jina la hawara wa mume halina kazi kwenye faili, wala siri ya jirani. Na naomba tuache kabisa kupiga picha kurasa za vikao na kumtumia msimamizi kwa WhatsApp. Simu hupotea kwenye matatu kila siku.

Wenzangu wa vituo vya umma huniambia hawana muda, na nawaelewa; foleni iko mlangoni. Ninachowashauri ni kutumia dakika za mwisho za kikao kuandika mpango mkiwa wawili, mshauri akisoma kwa sauti na mteja akisahihisha. Mteja mara nyingi husema, "Hapana, sikumaanisha hivyo," na sahihisho hilo lina thamani kuliko tathmini ambayo ungeiandika peke yako jioni ukiwa umechoka.

Vyuo viweke basi somo hili mwaka wa kwanza na litahiniwe kwa kuandika, siyo kwa kukariri herufi za SOAP. Nasi wasimamizi tulisome faili kwanza, kabla ya kumwuliza mwanafunzi atusimulie kikao kilivyokwenda.